Baskeli Kuukuu Isitupwe

Wanachama, msimu wa karafuu ukisha, mikono hupata nafasi. Twaona baskeli za Raleigh, zilizoundwa zamani Nottingham, Uingereza, zikiliwa na kutu mabandani kwa hewa ya chumvi. Bei yake ni ndogo, na kuifufua moja ni burudani yenye faida.

Kwanza tazameni fremu. Ikiwa imepasuka kwenye maungio iacheni, isije ikavunjika mteremkoni na gunia liko kwenye keria. Ikiwa nzima, tieni skurubu mafuta ya taa, zilale usiku kucha. Pedali ya kushoto hufunguka kwa kuzungushwa kama mshale wa saa. Mkiilazimisha kinyume mtaharibu hesi. Osheni gololi; zikiwa zimelika badilisheni zote pamoja, kisha tieni grisi mpya. Breki zikishika magurudumu yote mawili, ndipo pakieni mzigo.