Samahani, Hapa Pana Mtu

Anayepanda daladala Posta jioni anaijua hii: gari halijasimama vizuri, mtandio umeshapita dirishani na kutua kwenye siti. Mwenyewe bado yuko chini anagombea mlango, lakini siti ina mtu. Tunanung'unika, tunapita.

Wamarekani waligombania mtandio huohuo ndani ya ndege kwa zaidi ya miaka 50. Shirika la Southwest, lililoanza safari Juni 18, 1971 kati ya Dallas, Houston na San Antonio, halikumpangia abiria kiti. Unaingia, unachagua, unakaa. Ndege iliyotua haiingizi hela, na watu wanaowahi viti hawachelewi kupanda.

Ulichopewa ni namba ya foleni. Makundi A, B na C, kila moja watu hadi 60, mkajipanga kando ya nguzo zenye tarakimu. Aliyejisajili saa 24 kamili kabla ya safari alikuwa na matumaini ya A. Aliyesahau aliambulia C, yaani siti ya katikati, amebanwa na mabega mawili asiyoyajua. Kuanzia 2009 ukaweza kulipa ziada ili shirika likuwahishie hiyo namba.

Hapo wenye ndoa wakapiga hesabu. Kwa nini tulipe wawili? Mke analipa, anapata A20. Mume halipi, anaangukia C15. Mke anakaa safu ya nane, pembeni mwa njia, anatandaza jaketi kwenye siti ya katikati, anafungua kitabu na hainui macho. Kati yake na mumewe wapo watu hadi 114. Kila anayepita analitazama jaketi, kisha anamtazama mwenye jaketi.

"Pana mtu hapa?"

"Yupo, anakuja."

Wa kwanza husamehe. Wa sitini, mwenye begi begani na foleni inamsukuma mgongoni, humwita mhudumu. Na mhudumu hana la kusema, kwa sababu shirika halikuwa na sheria: halikukataza kuwekeana viti, wala halikuruhusu. Atatabasamu, atatangaza kwamba ndege imejaa, tafadhali kaeni.

Mimi lawama ninalipa shirika kabla ya yule mama. Limeuza nafasi ya mbele, halafu likanyamaza kuhusu alichonunua mteja: kiti kimoja au benchi?

Abiria wakajitungia adabu zao. Siti moja ya jirani, huko nyuma ya mabawa, wengi walivumilia. Safu nzima kwa ajili ya ukoo, au zile za mlango wa dharura zenye nafasi ya miguu, hapo hata mpole alipandisha sauti. Kisingizio cha watoto nacho hakikuwa na nguvu, maana wazazi wenye watoto wa miaka 6 kushuka chini walipandishwa baada ya A, kabla ya B. Nami ningeruhusu siti ya katikati tu. Ya dirishani apewe aliyefika.

Huko Ulaya, easyJet ilishaachana na mtindo huu 2012, Ryanair ikafuata 2014. Southwest yenyewe ilianza kupanga viti Januari 27, 2026. Jaketi limerudi mwilini. Siku hizi mke ana 8C, mume ambaye hakulipia ana 23B, na mke anamgeukia jirani yake wa 8B: "Samahani, unaweza kumpisha mume wangu?"