Usiukate Mringaringa wa Mwisho

Pengine katika kihamba chako, kati ya migomba na mibuni, umebaki mringaringa mmoja tu. Karo ya mtoto inadaiwa, bei ya kahawa haikupendeza, na mpasua mbao amekwisha pita mara mbili kuulizia mti ule. Kabla hujamjibu, kaa kidogo chini yake utazame juu.

Waona nini? Wakati wa maua, mti wote huwa mweupe kama nguo ya Komunyo ya Kwanza, na nyuki huvuma toka asubuhi. Maua yakiisha huja matunda madogo ya manjano, yenye utamu unaonata vidoleni. Watoto huyala, na ndege hawakosi.

Labda utasema: "Nyuki na ndege hawalipi karo." Sikiliza basi. Wataalamu waliochunguza kahawa ya Kilimanjaro walitoa habari zao mwaka 2014. Mibuni iliyofikiwa na ndege na popo ilishika matunda zaidi, kadiri ya 9 kwa mia, kuliko ile iliyofunikwa kwa nyavu. Maana viumbe hawa hula wadudu waharibifu. Na nyuki walipotembelea maua, matunda yaliongezeka uzito kadiri ya 7 kwa mia. Basi wageni hao hawali bure!

Tena mringaringa huipa kahawa kivuli, na majani yake yakianguka huoza na kuwa mbolea. Ukihitaji kuni, punguza matawi, utachipua tena. Mbao zake ni nzuri kweli, hata mizinga na ngoma huchongwa kwazo. Lakini mti wa mwisho ukiisha kuuzwa, mwaka ujao utauza nini? Anayetaka mbao na apande kwanza.

Kupanda si kazi ngumu. Okota matunda yaliyoiva, ondoa nyama yake, osha mbegu, uzipande kitaluni penye kivuli kidogo. Au tafuta miche iliyojiotea chini ya mti mkubwa. Mvua zikianza, chimba shimo la futi mbili, changanya udongo na samadi, kisha panda. Zungushia miiba, kwa sababu mbuzi hana huruma. Mwagilia wakati wa kiangazi cha kwanza. Mpe kila mtoto mche wake autunze. Hatausahau hata akiwa mzee.

Na jambo moja zaidi: usipulize dawa ya wadudu wakati maua yamefunguka, usije ukawaua nyuki uliowaalika mwenyewe.

Kama wakaa mbali na Kilimanjaro, waulize wazee: ni mti gani wa asili ya kwetu ambao nyuki na ndege huupenda? Huo ndio wako.

Mwaka 2015 Baba Mtakatifu Fransisko aliwaandikia watu wote waraka Laudato Si', akitukumbusha kwamba dunia ni nyumba yetu sote. Adamu alipewa bustani awe mtunzaji wake, hakupewa ili aimalize. Jioni hii, mkiisha kusali Rozari, zungumzeni nyumbani habari ya mti ule. Karo itafutiwe njia nyingine, na mpasua mbao ajibiwe kwa upole: "Huu hauuzwi."