Tulihofia nyoka Msimbati, homa ikatufuata Arusha

Swali la kwanza la dada yangu alipokubali tukalale hemani Msimbati lilihusu nyoka. La pili likawa nyoka tena. Anaishi Arusha, ana watoto wawili, wa miaka sita na mitatu, na alikuja Mtwara na mumewe likizo ya Juni. Kwa kuwa mimi ndiye mwandishi wa afya katika familia, nilipewa kazi ya kuhakikisha hakuna atakayeumwa. Kwa upande wa nyoka nilifanikiwa.

Msimbati ipo kilomita 45 hivi kutoka Mtwara mjini, ukipita Madimba kwenye mtambo wa kuchakata gesi. Ukikaribia bahari mchanga unazidi, na shemeji alilazimika kupunguza upepo wa tairi ingawa gari lake ni la 4WD. Eneo lote ni sehemu ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, na ndani yake kuna vijiji na wavuvi wanaoendelea na maisha yao. Mgeni analipa kiingilio, anaulizia pa kulala, kisha anajitegemea. Tulipopata sisi palikuwa na mivinje, choo cha shimo na kivuli. Umeme hakuna, na maji ya kunywa tulikwenda nayo kwenye madumu.

Tulichagua sehemu tambarare iliyotazama bahari, mchanga mgumu, hakuna mzizi. Tulikuwa tumeshatandika turubai mlinzi wa eneo hilo, mzee wa makamo, alipotufikia.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba, wanangu. Hema msiliweke hapo.”

Akatuonyesha kwa fimbo. Ule ugumu wa mchanga tulioupenda ulitokana na tairi. Magari na pikipiki hupita hapo, nyingine usiku, kufuata samaki. “Dereva wa usiku haoni kitu kilicholala chini,” alisema. “Anaona taa yake tu.”

Nilikuwa sijalifikiria hilo hata kidogo, na nadhani wazazi wengi hawalifikirii. Hema dogo linafika kiunoni mwa mtu mzima. Mtoto aliyechuchumaa akichimba mchanga ni mfupi zaidi. Dereva kwenye mchanga hapendi kupunguza mwendo kwa sababu atakwama, na akikata kona ghafla gari linaweza kumgomea. Mtoto naye hasikii injini mapema, kwani mawimbi yanaifunika. Basi tukahamia nyuma ya mivinje miwili minene, vigogo vikawa kati yetu na njia. Chini ya minazi hatukuthubutu, maana nazi kavu haipigi hodi. Tukaning'iniza taa upande wa njia, na watoto wakaambiwa hakuna kuvuka mvinje wa kwanza bila kushikwa mkono.

Asubuhi tulikuta alama mpya ya tairi la pikipiki imepita katikati ya pale tulipotandika turubai mara ya kwanza. Dada hakusema kitu. Alitoa simu akaipiga picha.

Baada ya hapo nikajiona nimemaliza kazi, na hapo ndipo nilipokosea. Jioni ile tulikuwa tumechoma samaki na kukaa nje hadi saa tatu usiku, watoto wakiwa na kaptula, wakiingia na kutoka hemani huku zipu ikibaki wazi. Nilidhani moshi wa moto unatosha. Nimeandika habari za malaria mara nyingi, na bado sikuwafunika watoto miguu.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta takriban asilimia 8 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini wana vimelea vya malaria. Mtwara ilikuwa karibu asilimia 20, miongoni mwa mikoa ya juu kabisa. Arusha haikufika hata asilimia moja. Kwa mtoto wa Arusha hiyo si habari njema tu, maana mwili wake haujawahi kukutana na vimelea hivyo, na akiumwa anaweza kuzidiwa haraka. Mbu wa mchana nao wapo. Ugonjwa wa chikungunya ulitambuliwa kwa mara ya kwanza katika mlipuko wa 1952 kwenye uwanda wa Makonde, na jina lake ni la Kimakonde, likieleza mgonjwa anavyojikunja kwa maumivu ya viungo.

Siku ya 12 baada ya usiku ule, dada alinipigia kutoka Arusha. Yule wa miaka mitatu alikuwa na homa. Ilikuwa Julai, baridi kali, watoto wa jirani wote wanakohoa, kwa hiyo aliyaita mafua. Parasetamo iliishusha homa, usiku wa pili ikarudi.

“Umewaambia hospitali kwamba mlikuwa Mtwara?”

“Hospitali sijaenda. Ni mafua tu, mdogo wangu.”

Alikwenda asubuhi hiyo, na sentensi ya kwanza aliyosema ilikuwa kwamba mtoto amelala Msimbati. Tone la damu la kidole, kipimo cha haraka, dakika zisizozidi 20: malaria. Akapewa dawa mseto, dozi ya pili saa nane baada ya ya kwanza, kisha asubuhi na jioni hadi siku tatu zitimie, kila dozi na maziwa ili dawa ifyonzwe vizuri. Siku ya pili mtoto alianza kudai chipsi. Dada alimaliza dozi yote hata hivyo.

Malaria hii ya kwetu mara nyingi hujitokeza kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya kuumwa na mbu, wakati mwingine hata wiki kadhaa, yaani safari imeshasahaulika na picha zimeshapostiwa. Mzazi, andika tarehe ya kurudi kwenye kalenda ya simu. Kwa angalau mwezi mmoja unaofuata, homa yoyote ipimwe siku hiyohiyo. Degedege, kutapika kila kitu, kushindwa kunywa au kunyonya, au kulegea kusiko kwa kawaida hakusubiri asubuhi.

Tukirudi, watoto watakula kabla ya magharibi, watavaa suruali na soksi giza linapoingia, na watalala ndani ya chandarua chenye dawa hata kama hema lina wavu. Dawa ya kupaka tutawapaka sisi, mikononi tusiwapake kwa sababu mikono yao huishia mdomoni na machoni. Mjamzito na mwenye kichanga ningewashauri waje mchana, walale mjini. Na kambi ya kando ya mto Ruvuma siitaki: kuna viboko na mamba.

Dada ameshaniuliza kuhusu Septemba. Amenunua soksi ndefu jozi nne. Bado anauliza nyoka.