Ndimu, ukwaju na sufuria: namna maabara inavyoifuata sumu inayovuja

Risasi iliyomo ndani ya chombo na risasi inayotoka humo ikaingia chakulani ni mambo mawili, na maabara huyapima kwa njia mbili. Sahani ya kauri inaweza kuwa na risasi nyingi katika utando wake unaong'aa na isimdhuru mtu kwa miaka, kwa kuwa utando huo ulichomwa vizuri ukashikamana. Nyingine yenye risasi kidogo, lakini iliyochomwa kwa moto hafifu, huiachia kila inapotiwa achari. Ndiyo maana mpimaji hodari huanza kwa kuuliza chombo kitatumikaje, na kitapakuliwa nini.

Mombasa swali hilo lina uzito wake kwa sababu ya mapishi yenyewe. Jikoni za Mji wa Kale, Kibokoni na Ndia Kuu na vichochoro vilivyo kati yake, haziishi vitu vichachu: ukwaju wa samaki wa kupaka, ndimu ya kila mchuzi, achari ya maembe, rojo ya biriani yenye nyanya na maziwa lala inayokaa motoni muda mrefu. Uchachu ni asidi, na asidi hung'oa madini. Chumvi nayo huisaidia, kwani hula utando mwembamba wa oksidi unaoilinda aluminiamu. Anayesugua sufuria kwa mchanga au waya humalizia kazi hiyo.

Sufuria za kutiliwa shaka zaidi si zile nyepesi za kiwandani zilizofinyangwa kutoka bamba moja. Ni zile nzito zinazomiminwa kwenye kalibu kutokana na vyuma chakavu: vipande vya injini, redieta, makopo, chochote kilichopatikana. Risasi na kadimi huyeyuka humo pamoja na aluminiamu, na hakuna jicho la fundi linaloweza kuzitenga. Si haki kumtwika yeye lawama, kwani anayeyusha alichouziwa.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 na mkemia Jeffrey Weidenhamer wa Chuo Kikuu cha Ashland, Marekani, pamoja na wenzake, ulipima vyombo 42 vya aluminiamu kutoka nchi 10, Kenya na Tanzania zikiwemo. Vilichemshiwa asidi ya siki, kisha kimiminika kikapimwa. Zaidi ya thuluthi moja vilionekana kuwa na hatari ya risasi. Aluminiamu yenyewe ilitoka kwa wastani wa miligramu 125 kwa mlo mmoja, zaidi ya mara sita ya miligramu 20 kwa siku ambazo kikomo cha Shirika la Afya Duniani kinamruhusu mtu mzima wa kilo 70. Lakini tokeo la kutisha zaidi ni la chombo kimoja kutoka Vietnam: kilipopimwa mara tatu mfululizo kilitoa mikrogramu 33 za risasi, halafu 1,126, halafu 1,426. Aliyepima mara moja angekiona si kibaya sana. Ndiyo sababu miongozo ya Ulaya kuhusu vyombo vya chuma inataka chombo cha kutumiwa tena na tena kipimwe mara tatu, na kwa chakula kichachu hutumia asidi ya limau, gramu 5 kwa lita.

Kwa kauri, utaratibu wa kimataifa ni mpole zaidi kwa kuutazama, ila hauvumilii uzembe. Chombo huoshwa kwa sabuni, kikasuuzwa na kukaushwa. Hujazwa asidi ya siki ya asilimia 4 hadi karibu na ukingo, kikafunikwa, kikaachwa saa 24 kwenye joto la nyuzi 22. Kadimi ikitafutwa, chombo huwekwa gizani, maana mwanga huongeza kinachotoka. Kando yake huwekwa chupa safi yenye asidi ile ile bila chombo chochote, ili ijulikane kama risasi imetoka kwenye sahani au kwenye asidi yenyewe. Kisha kimiminika hukorogwa na kupulizwa ndani ya mwali wa mashine. Kila madini hunywa mwanga wa wimbi lake. La risasi mojawapo ni nanomita 283.3, na kadiri mwanga unavyopungua ndivyo risasi ilivyo nyingi. Sheria ya Ulaya ya mwaka 1984 iliweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita kwa vyungu vya kupikia na 4 kwa bakuli na vikombe.

Vitu vingine havihitaji kuloweshwa. Wanja wa manga, unaopakwa hata kwenye macho ya watoto wachanga, mara nyingi husagwa kutokana na galena, ambayo ni risasi iliyoungana na salfa. Mtoto hufikicha jicho kisha hunyonya kidole, kwa hiyo jumla ya risasi iliyomo ndiyo ya kutazamwa. Rangi za nyumba nazo hupimwa kwa jumla: kikomo ni sehemu 90 kwa milioni. Mashine ya eksirei ya kushikwa mkononi hutoa jibu la kwanza kwa dakika chache. Mombasa ina maabara za Mkemia wa Serikali na za shirika la viwango, KEBS.

Taka zina kipimo chao. Kwa miongo mingi takataka za kisiwa zilimwagwa Kibarani, ukingoni mwa maji, pasipo kizuizi kati ya lundo na bahari. Taka zinapooza hutoa asidi, na Marekani mwaka 1990 iliweka kipimo kinachoiga hali hiyo: sehemu moja ya taka huwekwa katika sehemu 20 za asidi ya siki iliyozimuliwa, chupa ikazungushwa kichwa chini miguu juu mara 30 kwa dakika, kwa saa 18. Kimiminika kikichujwa na kukutwa na risasi ya miligramu 5 au zaidi kwa lita, taka hiyo ni ya sumu kisheria.

Gharama ya kutopima ilionekana Owino Uhuru, ng'ambo ya daraja la Makupa upande wa bara, ambako kiwanda kiliyeyusha betri za magari kando ya nyumba za watu hadi kilipofungwa mwaka 2014. Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi humo, alipigania wakazi, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Goldman. Utafiti uliotolewa mwaka 2018 ulilinganisha damu ya watoto wa hapo na wa mtaa jirani wa Bangladesh: waliokuwa na mikrogramu 5 au zaidi za risasi kwa desilita walikuwa wengi zaidi Owino Uhuru kuliko Bangladesh. Inauma kwamba mitaa hiyo ilisubiri damu ya watoto ndiyo iseme. Julai 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaithibitisha.

Udongo wa mahali kama hapo unaposafishwa, kujua jumla ya risasi hakutoshi, kwa kuwa fosfeti ikichanganywa nao huifunga risasi bila kuiondoa. Maabara huupepeta udongo na kuchukua vumbi lake laini, lile linaloganda kwenye vidole vya mtoto. Gramu moja hutikiswa kwa saa moja katika kimiminika chenye uchachu wa tumbo, kwenye joto la mwili la nyuzi 37. Sehemu ya risasi inayoyeyuka humo ndiyo huonyesha kama udongo unaweza kubaki ulipo au lazima uchimbwe na kuhamishwa.