Mji Nao ni Darasa: Safari za Binti wa Nyeri Katika Miji ya Marekani

Mji wa Wang'uru umezungukwa na mashamba ya mpunga ya Mwea, yanayopata maji yake katika mito ya Thiba na Nyamindi. Mkulima wa huko anayempeleka mwanawe kusoma ng'ambo aijua thamani ya kila shilingi, maana imetoka matopeni. Basi barua ifikapo kusema kwamba mwisho wa juma kijana alikwenda kuutazama mji mkubwa pamoja na rafiki zake, mzazi huenda akakunja uso na kuuliza, "Je, nimemtuma kusoma au kutembea?" Swali hilo ni la haki. Jibu lake laweza kuonekana katika maisha ya binti mmoja wa Nyeri, ambako si mbali na Mwea.

Wangari Muta, ambaye baadaye alijulikana ulimwenguni pote kwa jina la Wangari Maathai, alizaliwa mwaka 1940 katika kijiji cha Ihithe. Baada ya kumaliza masomo ya sekondari huko Loreto, Limuru, alichaguliwa kuwa mmoja wa mamia ya vijana waliosafiri kwa eropleni kwenda Marekani mwezi wa Septemba, 1960. Mpango huo ulikuwa umeanzishwa na Tom Mboya pamoja na rafiki zake wa Marekani, na nauli za mwaka ule zililipwa kwa msaada wa fedha za jamaa ya Kennedy. Mji wa kwanza kuuona huko ulikuwa New York, wenye majumba marefu yasiyo na mfano wake katika nchi aliyotoka.

Kutoka New York, yeye na wanafunzi wenzake walipanda basi la abiria kwenda Kansas, safari ndefu sana. Walipofika katika jimbo la Indiana walishuka ili wanywe kitu baridi. Walakini katika mkahawa ule waliambiwa kwamba watu weusi hawaruhusiwi kuketi ndani. Wakitaka kinywaji, wakinywee nje. Vijana hao walikuwa wametoka katika nchi iliyotawaliwa na wageni, wakidhani kwamba wanakwenda katika nchi ya uhuru. Somo hilo halikuwa katika kitabu chochote walichopewa kabla ya kuondoka. Sheria ya Marekani iliyokataza ubaguzi wa namna hiyo katika mikahawa na hoteli ilitiwa sahihi mwezi wa Julai, 1964, mwaka ule ule Wangari alipopata shahada yake ya kwanza.

Chuo chake, Mount St. Scholastica, kilikuwa katika mji mdogo wa Atchison, kando ya mto Missouri. Mji mkubwa uliokuwa karibu ni Kansas City, mwendo wa kilometa 80 hivi. Huko hakwenda kutazama madirisha ya maduka tu. Wakati wa likizo alifanya kazi katika maabara ya hospitali, akajifunza kutayarisha vipande vyembamba vya viungo vya mwili ili vitazamwe kwa darubini. Ujuzi huo haukupotea: aliporudi Kenya mwaka 1966 alipata kazi ya namna hiyo hiyo katika chuo kikuu cha Nairobi, katika idara ya mafunzo ya utabibu wa wanyama.

Baada ya Atchison alikwenda Pittsburgh kutafuta shahada ya pili. Pittsburgh ni mji uliojulikana kwa viwanda vya chuma. Zamani moshi wake ulikuwa mzito hata taa za barabarani zikawashwa saa sita za mchana. Lakini wenyeji walichoka kuvuta masizi, wakadai sheria, na baada ya vita vya pili vya dunia sheria hiyo ikaanza kutumika. Wangari alipokuwa huko aliona jinsi watu wa mji walivyojitahidi kuisafisha hewa yao. Hiyo ndiyo mara yake ya kwanza kuona watu wakiirudishia nchi yao uzuri ulioharibiwa.

Hapana awezaye kusema kwamba safari moja ndiyo iliyomfanya mtu. Hata hivyo, mwaka 1977 Wangari alianzisha kazi ya kupanda miti pamoja na akina mama wa Kenya, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Alifariki mwaka 2011.

Wahenga walisema, tembea uone. Hawakusema, tembea upotee. Kijana aendaye mjini na wenzake yampasa kwanza kuiweka kando nauli ya kurudi, kabla hajanunua hata chai. Ajue saa ya basi la mwisho, aandamane na rafiki anaowaamini, asikope fedha kwa ajili ya anasa, na Jumatatu asubuhi awe mbele ya mwalimu wake. Tena ajue mapema kwamba mlango mmoja waweza kufunguliwa kwa tabasamu na mwingine ukafungwa kwa dharau, wala dharau hiyo si kipimo cha utu wake.

Na mzazi wa Wang'uru, barua ifikapo, anayo haki ya kuuliza, "Umetumia kiasi gani?" Lakini asiishie hapo. Na aulize pia, "Umeona nini, na utaturudia na nini?" Mwana mwenye jibu la swali hilo hakuipoteza shilingi iliyotoka matopeni.