Mwasho Usiotajwa, na Marhamu Yake

Yako maradhi ambayo watu huyazungumza barazani, na yako maradhi ambayo mtu humficha hata mkewe. Mwezi huu twataka kunena juu ya moja katika hayo yafichwayo, yaani kuwashwa katika njia ya haja kubwa. Mtu asidhani kwamba tumekosa adabu. Mwili wote ni kazi ya Mungu, wala hakuna kiungo alichokiumba kiwe aibu. Na wazee walikwisha kutuonya kwamba mficha maradhi, kilio humfichua.

Twamjua mwalimu mmoja aliyeteswa na mwasho huu miezi mingi. Aliona haya kwenda kwa tabibu, akanunua dukani marhamu yenye nguvu, akajipaka asubuhi na jioni. Siku za kwanza alipata raha. Alipoacha kupaka, mwasho ulirudi mkali kuliko kwanza. Naye akapaka tena. Mwisho ngozi yake ikawa nyembamba, ikapasuka, na kwenda chooni kukawa maumivu matupu. Hapo ndipo alipokwenda hospitali, akaonekana ana minyoo, na watoto wake wanne vilevile. Marhamu ilikuwa imenyamazisha mwasho tu. Minyoo haikuigusa hata kidogo.

Basi, neno la kwanza ni hili: kabla ya kupaka dawa, tafuteni asili ya mwasho.

Kwa watoto, asili iliyo ya kawaida sana ni minyoo midogo myeupe, myembamba kama uzi. Usiku, mtoto alalapo, minyoo jike hutoka na kutaga mayai kando ya njia ya haja. Mtoto hujikuna, mayai yakaingia chini ya kucha, na vidole vikaenda kinywani. Hivyo ugonjwa huanza upya. Mama akitazama kwa taa saa mbili au tatu baada ya mtoto kulala, aweza kuiona kwa macho yake. Dawa yake ni ya kumeza, kama mebendazoli au albendazoli: humezwa mara moja, na tena baada ya wiki 2, nao wote wa nyumba hiyo humeza siku moja. Mwanamke mwenye mimba, na mtoto asiyetimiza miaka 2, wasipewe mpaka tabibu ameulizwa. Siku hiyo shuka na nguo za kulalia zifuliwe kwa maji ya moto, kucha zikatwe, na watoto waoge asubuhi.

Kwa watu wazima, mara nyingi asili ni unyevu, jasho, au uchafu kidogo uliosalia baada ya haja. Wengine huwashwa kwa sababu ya kusugua mno kwa sabuni. Tena iko bawasiri, uko ukungu wa ngozi, na baadhi ya watu huzidishiwa mwasho na pilipili au kahawa nyingi.

Sasa tuseme habari za marhamu zenyewe. Iliyo salama kuliko zote ni ile ya kuikinga ngozi, kama mafuta ya mgando au marhamu ya zinki oksaidi. Mtu ajioshe kwa maji matupu, ajikaushe kwa kitambaa laini pasipo kusugua, kisha apake kidogo, hasa kabla ya kulala na baada ya kwenda chooni.

Ya pili ni haidrokotisoni ya sehemu 1 katika 100. Hii hupoza ngozi iliyowaka, lakini ipakwe nyembamba, mara moja au mbili kwa siku, wala isipite siku 7 bila shauri la tabibu. Mtoto asipakwe mpaka tabibu ameagiza. Zile za jamii yake zenye nguvu nyingi, kama betamethasoni na klobetasoli, msijinunulie kwa kazi hii. Ndizo zikondeshazo ngozi. Na kama asili ni ukungu, dawa yake ni klotrimazoli; marhamu ya kupoza peke yake huuficha ukungu, nao ukaendelea kuenea.

Msipake kamwe mafuta ya taa, maji ya ndimu, spiriti, wala zile dawa kali za kuchulia mafua. Hata marhamu za kutia ganzi huweza kuichokoza ngozi, na mwasho ukaongezeka.

Naamani, jemadari wa Shamu, alikasirika alipoambiwa aoge tu katika mto Yordani, kwa maana alitazamia jambo kubwa. Sisi nasi tu kama yeye. Maji safi, kitambaa kikavu na nguo ya pamba twavidharau, tukakimbilia kichupa chenye jina gumu.

Nanyi walimu, mwonapo mtoto asiyetulia katika benchi, asinziaye mchana na kujikuna, msikimbilie fimbo. Labda hakulala usiku. Mwiteni faragha, mkamwulize kwa upole, kisha mkaseme na wazazi wake. Minyoo hii huingia hata nyumba iliyo safi, kwa hiyo mtoto asichekwe wala mama yake asilaumiwe.

Mwisho, zipo dalili zisizongoja marhamu: damu katika choo, uvimbe, kukonda pasipo sababu, choo kilichobadilika desturi yake, au mwasho usiokoma kwa wiki kadha. Mwenye kuona hayo aende hospitali upesi, aseme wazi. Tabibu amekwisha kuyasikia mara nyingi, wala hatamcheka. Dakika moja ya haya ni nafuu kuliko miaka ya mateso ya siri.