Mtoto Anataka Kuigiza? Funga Mkoba, Fungua Macho

Kama una mtoto wa miaka 8 hadi 16 nyumbani, huenda umekwisha kuyasikia maneno haya: "Mama, nataka kuwa mwigizaji." Watoto wetu wamekua wakitazama filamu za Kibongo sebuleni. Wamewaona watoto wenzao katika filamu kama Uncle JJ ya marehemu Steven Kanumba, na siku hizi wanajirekodi kwa simu zetu wakiigiza mama mkwe, mlevi na mwalimu mkali. Si ajabu mmoja wao akaamini kwamba naye anaweza.

Hamu hiyo si dhambi, wala si uhuni kama wengine wanavyosema. Hatari iko kwa mtu mzima anayejua kwamba mama akisikia mwanawe anasifiwa, moyo hulainika na mkoba hufunguka. Makala hii inamhusu mtu huyo: jinsi anavyofanya kazi yake, na jinsi ya kumtambua kabla hajaondoka na ada ya shule.

NAMNA MTEGO UNAVYOTEGWA

Huanza na tangazo. Linaweza kuja kwa WhatsApp, au kubandikwa ukutani dukani: kampuni kutoka Dar es Salaam au Nairobi inatafuta watoto wenye vipaji kwa ajili ya tamthilia mpya ya televisheni. Usaili ni Jumamosi, katika ukumbi fulani. Huku kwetu Pemba, mgeni mjanja hashindwi kuuchagua msimu wa karafuu, wakati majumbani kuna fedha. Kwingine atangoja korosho au pamba ziuzwe.

Siku ya usaili kila mtoto hulipia fomu. Tuseme ni shilingi 20,000. Mtoto anaambiwa aseme maneno mawili matatu, acheke, alie. Kisha mama anaitwa pembeni: "Mama, mtoto huyu ana kitu. Tangu asubuhi hatujaona kama yeye." Asilolijua ni kwamba kila mama ameambiwa hivyo hivyo.

Baada ya sifa huja bei. Kwanza picha za kitaalamu. Zikishalipiwa, yanakuja mafunzo ya wiki mbili, kisha kitambulisho cha msanii, kisha nauli ya boti na malazi. Na kila bei ina haraka yake: nafasi zimebaki tatu, mwisho ni leo saa kumi jioni. Siku moja unapiga simu, haipatikani.

Tupige hesabu pamoja. Watoto 60 wakilipia fomu ya shilingi 20,000, hizo ni shilingi 1,200,000. Kati yao 40 wakilipia picha kwa shilingi 150,000 kila mmoja, ni shilingi 6,000,000 nyingine. Jumla ni shilingi 7,200,000, ukitoa kodi ya ukumbi na soda chache. Mtu huyu hana haja ya kutengeneza filamu yoyote. Biashara yake ni fomu na picha, na mteja wake ni wewe. Ndiyo maana katika usaili wake hakuna mtoto anayefeli.

FEDHA INAELEKEA WAPI?

Ukisahau mengine yote, shika hili: katika kazi ya kweli ya kuigiza, fedha hutoka kwa mwenye filamu kwenda kwa mtoto. Mwenye filamu ndiye mwenye shida. Yeye ndiye anayemhitaji mtoto wa kucheza nafasi fulani, kwa hiyo usaili wake hauna kiingilio. Wakala wa kweli naye hula kwa kazi aliyoipata: msanii akilipwa, ndipo anachukua sehemu yake. Marekani sehemu hiyo kwa kawaida ni asilimia 10. Mtoto asipopata kazi, wakala naye hapati kitu.

Utapeli huu haukuanzia kwetu. Jimbo la California, iliko Hollywood yenyewe, lililazimika kupitisha sheria mwaka 2009, ikaanza kutumika Januari 2010, ya kumkataza mtu anayejiita wakala kudai fedha kwanza kwa ahadi ya kumtafutia msanii kazi. Ikiwa wazazi wa Hollywood, wanaoishi jirani na watengenezaji wa filamu, wamelizwa hadi ikatungwa sheria, seuze sisi wa Chake Chake?

Watazame waliofika. Madina Nalwanga wa Uganda, aliyecheza nafasi kuu katika filamu ya Queen of Katwe ya mwaka 2016, alipatikana katika darasa la ngoma mjini Kampala. Waandaaji ndio waliomfuata. Lupita Nyong'o wa Kenya alianza na michezo ya shule, akapanda jukwaani Nairobi akiwa na miaka 14, kisha akasoma hadi Chuo Kikuu cha Yale, na mwaka 2014 akapata tuzo ya Oscar. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Je, kila anayetoza fedha ni tapeli? La. Shule ya sanaa hutoza ada kama shule nyingine. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa, iliyoanza kama chuo mwaka 1981, ni mfano wa mahali kijana aliyemaliza shule anapoweza kwenda kusomea sanaa. Lakini shule huuza mafunzo, haiuzi nafasi katika filamu. Anayekuambia "lipia mafunzo ndipo upewe nafasi" anachanganya mambo mawili makusudi.

Na usilegee kwa sababu mgeni ameingia na salamu ya "Bwana Yesu asifiwe." Tunakumbuka mpango wa DECI, ambao serikali iliuzuia mwaka 2009. Ulitumia lugha yetu ya kupanda na kuvuna, na waumini wengi waliweka humo akiba zao. Imani ya mtu haithibitishwi na salamu yake.

MASWALI YA KUMUULIZA

Kuuliza si ujinga. Mtu mwaminifu hatachukia maswali haya:

1. Wewe ni nani, na ofisi yako iko wapi? Dai jina kamili na kitambulisho. Kampuni ya Bara huandikishwa BRELA, ya Zanzibar huandikishwa BPRA. Hata hivyo, usajili peke yake si cheti cha uaminifu. Hata tapeli anaweza kuandikisha jina.

2. Ni filamu gani, na kibali kiko wapi? Bara iko Bodi ya Filamu, na Zanzibar liko Baraza la Sanaa, Sensa, Filamu na Utamaduni, BASSFU. Waulize wao, usimuulize yeye peke yake. Huku Visiwani muulize pia sheha kama anamfahamu mgeni huyo.

3. Mtoto atalipwa kiasi gani, na lini? Akigeuza swali na kuanza kukutajia unachotakiwa kulipa wewe, umekwisha kupata jibu.

4. Mkataba uko wapi? Uchukue nyumbani, uusome na mtu mwingine kwa siku kadhaa. Mkataba unaokataa kutoka ukumbini usitiwe saini.

5. Kwa nini fedha itumwe kwa namba ya simu ya mtu binafsi?

6. Nani atakaa na mtoto wakati wote wa kazi? Jibu sahihi ni mmoja tu: mzazi, au ndugu uliyemchagua wewe.

JAMBO ZITO KULIKO FEDHA

Hapa naomba niseme kama muuguzi. Fedha ikipotea hutafutwa tena. Mtoto akidhuriwa mwili, jeraha hilo huchukua miaka. Hakuna uigizaji unaomtaka mtoto avue nguo ili "apimwe umbo," wala afungiwe chumbani na mtu mmoja, wala atume picha za mwili wake kwa simu. Ukisikia hayo, mshike mkono mwanao muondoke, hata kama ulishalipa. Na asisafirishwe kwenda mji mwingine au ng'ambo bila mzazi. Tanzania ina sheria dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu tangu mwaka 2008, na ahadi ya kazi nzuri mbali na kwao ndiyo chambo cha siku zote cha wahalifu hao.

Mtoto aliyekuwa mchangamfu akirudi kimya, akaanza kukojoa kitandani, kushtuka usingizini au kuogopa simu, msikilize bila kumfokea. Akisema ametendwa vibaya, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Usimwogeshe kwanza, na nguo alizovaa zitunze. Dawa ya kuzuia maambukizi ya VVU hufaa ikianzwa mapema, na saa 72 zisipite. Simu ya kusaidia watoto, namba 116, hupigwa bure.

MWAMBIE BABA WATOTO

Tapeli anapenda mama anayeficha. Husema, "Lipa kwanza, utamshangaza mumeo." Kisha fedha ya VICOBA inatoka, baba hajui, na ikipotea nyumba inakuwa na ugomvi mara mbili: wa fedha, na wa siri. Katika Luka 14:28 Bwana Yesu anatukumbusha habari za mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba hukaa kwanza akahesabu gharama. Kaeni wawili, mhesabu. Jiwekeeni sheria ya nyumba: kwa jambo lolote la mtoto, hakuna shilingi inayotoka siku lilipotajwa. Tapeli hawezi kungoja siku tatu.

KIPAJI KIKUE WAPI?

Usimwambie mtoto "acha upuuzi." Mwambie, "Tutaanza hapa hapa." Kanisani kuna maigizo ya Krismasi na Pasaka, mpe nafasi, na umfundishe kushika maneno yake mapema na kufika mazoezini kwa wakati. Shuleni kuna siku ya wazazi na mashairi. Nyumbani asome kwa sauti kila jioni, atamke Kiswahili chake vizuri. Akiwa mkubwa kidogo, mweleze kuhusu tamasha la filamu la ZIFF, lililoanza Unguja mwaka 1998, na filamu ya Vuta N'kuvute iliyotoka mwaka 2021, iliyopigwa hapa hapa Zanzibar. Aone kwamba nyuma ya kamera kuna kazi pia: kuandika, kushona mavazi, kunasa sauti.

Na akibahatika kupata kazi ya kweli, malipo yake ni mali yake. Jackie Coogan, mtoto aliyecheza na Charlie Chaplin katika The Kid mwaka 1921, alipokua alikuta sehemu kubwa ya mamilioni yake imekwisha kutumiwa na mama yake na baba wa kambo. Aliwashtaki mwaka 1938, na mwaka uliofuata California ikatunga sheria ya kulinda mapato ya watoto wasanii. Mfungulie mwanao akaunti. Asiwe mtaji wa nyumba.

IKIWA UMEKWISHA KULIPA

Usijifungie ndani kwa aibu. Piga simu mara moja kwa kampuni ya simu uliyotumia kulipia, maana muamala ukiwahiwa wakati mwingine huzuilika. Usifute ujumbe wala risiti, ni ushahidi wako polisi. Usimlipe mtu mwingine anayedai atakurudishia fedha zako. Mara nyingi ni yule yule kwa sauti nyingine. Mtoto usimpige wala usimsimange, kwani yeye ndiye aliyedanganywa kwanza. Kisha waambie akina mama wenzako Jumapili ijayo, ukitaja tangazo lilivyokuwa na namba iliyotumika, kwa sababu Jumamosi nyingine tapeli huyo atakuwa katika ukumbi wa jirani.